Bonde lililouza baridi kabla ya skii

Mtu akikutajia milima ya Alps wakati wa baridi, nina hakika picha inayokujia kichwani ni ya Mzungu mwenye miwani mikubwa akiteremka mlima kwa skii kama risasi. Televisheni imetulisha hiyo tu. Sasa leo naomba tulitazame bonde moja, Engadin ya Juu, kusini-mashariki mwa Uswisi, kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Historia yake inaivuruga picha hiyo kabisa.

Katikati ya karne ya 19 mji wa St. Moritz ulikuwa na wageni wakati wa kiangazi tu. Walikuja kunywa maji ya chemchemi na kuvuta hewa safi, kisha baridi ikikaribia wanafunga mizigo. Wenyeji walibaki na baridi yao na starehe zao. Mojawapo ni schlitteda, ambapo vijana walipanda sleji za kukokotwa na farasi, wawili wawili, wakatembezana kutoka kijiji hadi kijiji. Bado inafanyika, na hakuna aliyeibuni kwa ajili ya watalii.

Mwenye hoteli mmoja, Johannes Badrutt, hakupendezwa na vitanda vitupu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1864 aliwekeana dau na wageni wake Waingereza: rudini wakati wa baridi, msipolipata jua nitawalipia nauli. Wakaja, wakaota jua, wakakaa miezi. Hadithi imepigwa msasa mara nyingi, lakini kwamba msimu wa baridi ulianzia kwenye hesabu za mwenye hoteli, hilo mimi nalikubali.

Tatizo likawa, hawa watu watafanya nini mchana kutwa? Wakachukua sleji ndogo za kubebea mizigo wakaanza kushindana kuteremka barabara za mji, wapita njia wakiruka pembeni kuokoa miguu yao. Suluhisho likawa kuwajengea njia yao ya barafu. Msimu wa 1884/85 ikazaliwa Cresta Run, takriban meta 1,200, na mwaka 1887 Waingereza wakaunda klabu ya kuiendesha. Unalala kifudifudi, kichwa mbele, kidevu karibu kigonge barafu, na unafunga breki kwa meno ya chuma yaliyo kwenye ncha za viatu. Kuna kona moja inayotupa watu nje kila mara. Ukitupwa, unaruhusiwa kuvaa tai maalumu ya waliotupwa. (Waingereza bwana!)

Hapa ndipo panaponikera. Miaka ya mwanzo wanawake walishuka Cresta kama wanaume. Mwaka 1929 wakapigwa marufuku, kwa madai kwamba mchezo unadhuru afya zao. Sasa fuatana nami kwenye tarehe. Mchezo uliotokana na njia hii, skeletoni, ulirudi Olimpiki mwaka 2002 na wanawake wakaingizwa. Mwaka 2010 Mwingereza Amy Williams akachukua dhahabu. Mwaka 2014 Lizzy Yarnold, Mwingereza pia, akachukua dhahabu, na Februari 2018 akachukua tena. Muda wote huo klabu ya Waingereza huko St. Moritz ilikuwa bado inawazuia wanawake! Wanachama walipiga kura ya kuondoa marufuku mwishoni mwa 2018, baada ya karibu miaka 90. Ukiwa na njia yako na klabu yako, "sababu za afya" huwa hazihitaji daktari.

Tuendelee. Mwaka 1906 watu waliofunga skii miguuni walishindana huku wakivutwa na farasi, na mwaka uliofuata mashindano yakahamia juu ya ziwa lililoganda, ambako farasi wanakimbia hadi leo kila Februari. Ndipo ikaja Olimpiki ya 1928. Bobsleji ilikuwepo, skeletoni ilikuwepo, hoki ya barafu, kuruka kwa skii, skii za masafa marefu, hata hao farasi walionyeshwa. Skii za kuteremka mlima? Hazikuwepo kabisa. Ziliingia Olimpiki mwaka 1936, tena zikiwa zimeunganishwa na slalomu. Medali ya kuteremka pekee yake ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, hapo hapo St. Moritz. Yaani huyu tunayemdhani ndiye mwenye nyumba ni mgeni aliyekuja jioni.

Lakini 1928 hiyo hiyo joto lilivamia. Mbio za kuteleza kwenye barafu za meta 10,000 zilivunjwa katikati barafu ikiyeyuka, wakati Mmarekani Irving Jaffee akiongoza. Hakuna aliyepewa medali.

Tangu 1969 bonde lina mbio za skii za kilomita 42, kutoka Maloja hadi S-chanf, juu ya maziwa yaliyoganda na katikati ya misitu, na watu zaidi ya 10,000 hujitokeza. Hizi ni skii za mapafu na miguu. Aina hiyo ndiyo aliyoshindania Mkenya Philip Boit huko Nagano mwaka 1998: akamaliza kilomita 10 akiwa wa mwisho, dakika 20 nyuma ya bingwa Bjørn Dæhlie, ambaye alimngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Boit alikuwa mkimbiaji wa mbio za mita 800, akafunzwa skii Finland. Nadhani Engadin wangemwelewa haraka kuliko watazamaji wa mteremko.

Ziwa lenyewe haliaminiki tena kama zamani. Februari 2017 barafu ilipasuka, farasi wakaanguka wakiwa kasi, mpanda farasi mmoja akaumia vibaya na mbio zikasitishwa. Njia ya bobsleji, iliyopo tangu 1904, haina mashine ya kugandisha hata moja. Kila mwaka kabla ya Krismasi mafundi, wengi wao kutoka South Tyrol nchini Italia, huijenga upya kwa theluji na maji, kona kwa kona, kwa mikono na sepetu. Machi jua likipanda inaanza kulainika, wanafunga, na maji yanarudi mtoni.