Pingamizi la Daraja la Kodi

Nyumba mbili zilizoshikana ukuta katika mtaa mmoja wa England, zilizojengwa pamoja na zenye vyumba sawa, huweza kutozwa kodi tofauti: moja iko daraja C, ya jirani D. Halmashauri ikitoza pauni 1,800 kwa daraja D, wa daraja C hulipa 1,600, yaani sehemu nane kwa tisa. Kwa miaka kumi, mwenye nyumba aliyepangiwa daraja kimakosa ametoa pauni 2,000 asizodaiwa kihalali.

Kodi hiyo ya halmashauri ilianza Aprili 1993. Madaraja yake, A hadi H, yanafuata bei ambayo nyumba ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991, hata ikiwa imejengwa juzi. Uthamini wa mwanzo ulifanywa mbiombio; nyumba nyingi zilikadiriwa kutoka barabarani, mthamini akiwa ndani ya gari.

Dawa ya kosa hilo ni pingamizi. Istilahi hii imezoeleka Tanzania, ambako sheria humpa mlipakodi siku 30 kupinga makadirio. Isichanganywe na malalamiko. Mlalamikaji hueleza kutoridhika, basi. Pingamizi lina muda wake kisheria, na uamuzi wake hukatiwa rufani.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa England. Aliyehamia nyumba ana miezi sita tangu aanze kuwajibika kulipa. Pingamizi likikataliwa, ana miezi mitatu ya kwenda baraza la uthamini, bila ada. Miezi sita ikishapita, kwa kawaida hubakiwa na ombi la mapitio tu, ambalo halina rufani barazani. Mgeni anayeitupa kabatini bili yake ya kwanza bila kuisoma anaweza kuipoteza haki hiyo bila kujua kwamba alikuwa nayo.

Kusema “bili ni kubwa mno” hakusaidii. Kinachotakiwa ni anwani za nyumba, hadi tano, zenye umri, ukubwa na muundo uleule, zilizo daraja la chini; au bei za mauzo ya miaka ya karibu na 1991. Orodha ya madaraja iko wazi mtandaoni. Halmashauri hukusanya tu. Daraja hupangwa na wathamini wa serikali, na pingamizi hupelekwa kwao. Kodi huendelea kulipwa wakati wote huo. Tahadhari ipo: daraja likichunguzwa linaweza kupanda, hata la jirani.

Likishuka, ziada hurudishwa tangu mlipaji alipoanza kutozwa kimakosa, hata kama ni 1993.