Usawazishaji wa chipu ya kupima chaji ya betri
Chipu hii hujumlisha mkondo unaopita kwenye rezista ndogo. Mkondo ukiwa hafifu, kosa la kurekebishwa kwanza ni la sifuri. Kwa rezista ya miliohmu 10, miliampea 1 huzaa maikrovolti 10 tu. Chipu inayosoma maikrovolti 10 pasipo mkondo itahesabu miliampea-saa 24 za uongo kila siku. Kuisahihisha kwa ampea 1 pekee hakufui dafu: hapo kosa hilo ni asilimia 0.1, halionekani. Basi mzigo ukatwe kabisa, sifuri isomwe na kuhifadhiwa, ndipo usahihishaji wa kiwango cha usomaji kwa mkondo mkubwa ufuate. Rezista ya miliohmu 100 ingekuza ishara, ila kwa ampea 2 hupoteza wati 0.4 kwa joto. Wengine huitegemea volteji irekebishe hesabu, lakini katika betri za lithiamu-chuma-fosfeti, volteji haisogei sana katikati ya chaji.