Dughulushi, Ua la Kivulini

Mmea huu mdogo wenye majani ya manyoya, ulionasa kwenye ufa wa mwamba, ni dughulushi. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani hapa Usambara, alipeleka mbegu zake kwao. Mwaka 1893 jenasi ikapewa jina Saintpaulia.

Porini hupatikana Tanzania na Kenya tu: Usambara, Nguru, Uluguru, Taita, hadi kwenye mawe ya chokaa ya Kilifi. Maua ya porini ni ya buluu hadi zambarau, mengine yamepauka. Inama utazame: vifuko viwili vya manjano katikati vina chavua, ndiyo chambo cha nyuki, kwani nekta hakuna. Ya waridi na mekundu, yanayouzwa vyunguni Ulaya na Marekani, yalichaguliwa na wakuza maua.

Tafadhali usiung'oe. Kivuli kikiondoka, mwamba hukauka na mmea hufa.