Galaksi zisizotulia: stori iliyopitia Malindi

Leo naweka kando mambo ya semina na foleni ya kutoa kopi, nawaletea historia. Msikimbie mkisikia ni mambo ya angani, maana sehemu kubwa inaanzia hapa jirani tu, baharini karibu na Malindi.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka 7 ya uhuru, roketi ya Kimarekani iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama majini. Ilibeba setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Marjorie Townsend, mama aliyekuwa meneja wa mradi ule, akaipa jina la Uhuru, kwa Kiswahili kabisa! Kwa nini pale? Ni karibu na ikweta. Roketi inasukumwa zaidi na mzunguko wa dunia, na setilaiti ikizunguka juu ya ikweta inakwepa sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo. Na ilibidi kwenda juu kwa sababu hewa yetu inazuia eksirei za angani. Ukikaa chini hupati kitu.

Sasa rudi nyuma kidogo. Mwaka 1943 Mmarekani Carl Seyfert alikuwa ameandika kuhusu galaksi chache zenye kiini kinachong'aa ajabu. Uhuru ikagundua kwamba mojawapo, NGC 4151, inatoa eksirei. Oktoba 1974 Waingereza nao wakarusha Ariel 5 kutoka jukwaa lile lile. Ken Pounds na wenzake wa Leicester walipopanga vipimo vya miaka zaidi ya mitano, wakaona galaksi hizi hazitulii. Leo inawaka sana, baada ya siku chache imefifia, halafu inapanda tena.

Utasema, so what? Kumbuka mchakamchaka wa shule. Kiongozi akibadilisha wimbo mbele, wa mkiani wanachelewa kusikia. Mstari ukiwa mrefu sana, hauwezi kubadilika wote kwa mara moja. Angani ni hivyo hivyo, ila mjumbe ni mwanga, na hakuna kinachoupita kwa mbio. Kitu kikipungua mwanga kwa kiasi kikubwa ndani ya saa moja, basi upana wake hauwezi kuzidi sana umbali ambao mwanga unakwenda kwa saa moja, yaani kilomita bilioni 1.08. Hapo hata kutoka kwenye Jua hadi sayari ya Zohali hujafika! Na kumbe kinachong'aa kinaweza kushindana na galaksi nzima yenye mabilioni ya nyota. Nyota nyingi zilizobanana haziwezi kufifia pamoja kama vile zimepeana ishara. Jibu lililobaki na nguvu ni shimo jeusi kubwa linalomeza gesi, na gesi hiyo inawaka kabla ya kuzama.

Tatizo likawa kwamba setilaiti nyingi huzunguka dunia kwa dakika 90 na kitu, na kila mzunguko dunia inakuja kuziba njia. Ni kama kusikiliza redio ambayo umeme wake unakatika kila baada ya muda mfupi. Mwaka 1983 Ulaya ikarusha EXOSAT kwenye njia ndefu ya siku karibu nne kwa mzunguko mmoja. Ikaweza kukazia macho galaksi moja kwa siku kadhaa bila kukatizwa. Watu walitafuta mdundo, kama wa saa ya ukutani, hawakuupata. Mabadiliko hayana mpangilio, ila yale ya taratibu ni makubwa kuliko yale ya haraka.

Kisha RXTE ya Marekani, iliyofanya kazi toka mwisho wa 1995 hadi Januari 2012, ikawa inarudi kwenye galaksi zile zile mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2006 Ian McHardy na wenzake wakaonyesha kwamba mashimo makubwa yanafuata kanuni moja na yale madogo, kama Cygnus X-1 iliyo ndani ya galaksi yetu. Shimo likiwa zito zaidi linabadilika polepole zaidi, na likimeza kwa kasi linabadilika haraka zaidi. Kumbe kufifia na kuwaka kule ni mizani!

Tusijidanganye lakini. Roketi na vyombo vilikuwa vya wageni, na waliosaini zile makala walikuwa wa mbali. Pwani yetu ilitoa bahari, ikweta na jina. Setilaiti ya Kenya yenyewe, Taifa-1, ilirushwa Aprili 2023, tena kutoka California! Sisi tunaokwenda kushika chaki tukifika kwenye mada ya eksirei, tusiishie kwenye picha ya mfupa uliovunjika. Tuwaambie watoto kuhusu Malindi, pande zote mbili za stori, halafu tuwaulize safari ijayo nani atasoma vipimo.

Mnaonaje wadau? Tupeni maoni hapo chini.