Walker, Fuller, Tucker: Majina Matatu ya Kazi Moja

Anayeijua chupa ya Johnnie Walker anamjua pia yule bwana wa kwenye lebo, mwenye kofia ndefu, koti jekundu na fimbo mkononi, mguu mmoja umetangulia. Alichorwa na Tom Browne mwaka 1908, kwa kulichezea jina la John Walker, mwenye duka la vyakula aliyeanza biashara Kilmarnock, Uskoti, mwaka 1820. Mchoro ulifaulu kupita kiasi. Leo mtu akisikia jina Walker, kinachomjia kichwani ni mtembezi, mtu wa safari. Lakini watu wa kwanza kuitwa hivyo hawakuwa wakienda popote. Walikuwa wamesimama ndani ya kihori, miguu mitupu hadi magotini, wakikanyaga kitambaa cha sufu kilicholoweshwa kwa mikojo.

Kazi hiyo ilikuwa na sababu zake. Sufu ya kondoo ina mafuta ya asili, na mfumaji wa Zama za Kati aliongeza mengine ili nyuzi zisikatike mtamboni. Kitambaa kilipotoka kwake kilikuwa kinanata, kinanuka, na kimelegea kiasi kwamba ukikiinua kwenye mwanga unaona hadi upande wa pili. Kwa baridi ya Uingereza hakikufaa kitu. Ndipo kilipopelekwa kwa mkanyagaji. Alikilaza kihorini, akamwagia maji na mikojo iliyowekwa muda hadi ikawa na ukali wa amonia, kwa kuwa amonia hukata mafuta. Akaongeza udongo laini wenye sifa ya kunyonya grisi. Kisha akapanda juu na kuanza kukanyaga, akikikunja na kukigeuza, saa baada ya saa. Unywele mmoja wa sufu una magamba madogo mno. Yakipata unyevu na kusuguliwa hunasana, na yakishanasana hayaachani tena. Kitambaa kinanywea, kinapungua urefu na upana, kinakuwa kizito kisichopenya upepo. Mfumaji alilijua hilo, kwa hiyo alikifuma kikubwa kuliko kilivyohitajika. Mwisho kilisuuzwa na kutundikwa kwenye fremu ndefu za mbao zenye kulabu, kikavutwa hadi kikapata kipimo cha sokoni.

Waingereza walikuwa na majina matatu ya mtu huyu, kutegemea alikoishi. Kaskazini na katika kaunti za kati za magharibi aliitwa walker, kutoka katika neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha kuviringisha na kusukasuka. Maana ya kwenda kwa miguu ilikuja baadaye. Kusini-mashariki, yaani Kent, Sussex na kaunti za mashariki kama Norfolk, aliitwa fuller, jina lenye asili ya Kilatini. Kusini-magharibi, Devon na Somerset, alikuwa tucker, na kitenzi kilichozaa jina hilo hapo kale kilimaanisha kutesa. Aliyekiona kitambaa kikipondwa hatashangaa. Pale Exeter, mji mkuu wa Devon, chama cha wafumaji, wakanyagaji na wakata manyoya ya nguo kilijenga ukumbi mwaka 1471. Bado umesimama, na bado unaitwa Tuckers Hall.

Kwa muda mrefu majina hayo yalimfuata mtu, si ukoo. Mtu aliitwa John mkanyagaji kwa sababu alikanyaga. Mwanawe akiwa mwokaji aliitwa kwa mikate yake. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mabwana wenye ardhi walianza kuwa na majina ya kurithisha, kwa sababu walikuwa na mali ya kurithisha. Watu wa kawaida walifuata polepole, na kufikia mwaka 1400 hivi wengi wao walikuwa nayo. Karani wa kodi alisaidia sana jambo hili. Mfalme alipotoza kodi ya kichwa mwaka 1377, 1379 na 1381, ilibidi kila mtu mzima atofautishwe na mwenzake, na vijiji vilijaa akina John na William. Jina likishaandikwa katika orodha ya kodi linakuwa gumu kulivua.

Ajabu ni kwamba jina lilikuwa likiganda wakati miguu inaanza kupoteza kazi. Mwaka 1185 shirika la mashujaa wa Hekalu lilihesabu mali zake Uingereza, na ndani ya hesabu hiyo vimo vinu viwili vya maji vya kukanyagia nguo, kimoja Yorkshire, kingine Gloucestershire. Gurudumu la maji liliinua nyundo nzito za mbao na kuziachia zianguke juu ya kitambaa. Mwanahistoria Eleanora Carus-Wilson aliandika mwaka 1941 kwamba haya yalikuwa mapinduzi ya viwanda ya karne ya 13, na ingawa wengine wamempinga kuhusu ukubwa wake, mimi naona alikuwa sahihi kutulazimisha kutazama. Kinu ni mali ya mwenye mto, naye anataka ushuru. Pale St Albans abati aliwataka watu wote wapeleke nguo zao kwenye kinu cha abasia, wao wakaendelea kuzikanyaga nyumbani. Ugomvi uliiva mwaka 1274. Wanawake wa mji wakamlilia Malkia Eleanor alipopita, na kesi ikafika mbele ya mahakama ya mfalme. Abati alishinda.

Mbali na vinu, kazi ya mikono ilidumu. Mwaka 1773 Samuel Johnson na rafiki yake James Boswell walifika kisiwa cha Raasay, magharibi ya Uskoti, wakaonyeshwa wanawake waliopiga magoti chini wakisugua kitambaa kwa mikono, huku wakiimba kwa Kigaeli bila kukoma. Nyimbo hizo za kazi ziliendelea kusikika katika visiwa vile hadi karne ya 20.

Kwingine jina na kazi vilikuwa vimeachana zamani. Samuel Fuller, aliyevuka Atlantiki na jahazi la Mayflower mwaka 1620 na kuwa tabibu wa walowezi wa Plymouth, alibatizwa Redenhall katika Norfolk, ndani kabisa ya eneo la akina Fuller. Baba yake alikuwa mchinja nyama.

Majina haya matatu yalivuka bahari kwa njia nyingine pia, na hii ndiyo sehemu inayoniuma. Orodha ya wakazi wa Virginia ya mwaka 1625 inawataja Antony na Isabella, Waafrika waliokuwa katika nyumba ya Kapteni William Tucker, pamoja na mtoto wao aliyebatizwa William. Wazazi wenyewe hawana jina la ukoo katika orodha hiyo. Katika miaka zaidi ya 200 iliyofuata, majina ya mabwana yaliwaangukia watumwa na vizazi vyao. Leo Walker ni miongoni mwa majina 20 yanayoongoza Uingereza, na sensa ya Marekani ya mwaka 2010 ilihesabu zaidi ya watu 500,000 wenye jina hilo, takriban theluthi moja yao wakiwa weusi. Fuller na Tucker wapo kwa wingi, lakini Walker amewaacha mbali.

Mmoja wa hao Walker alilipata jina kwa ndoa. Sarah Breedlove alizaliwa Delta, Louisiana, mwaka 1867, mtoto wa watu waliokuwa watumwa hadi miaka michache kabla. Kwa miaka mingi alijipatia riziki huko St. Louis kwa kufua nguo za watu. Mwaka 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, akaanza kuuza dawa za nywele kwa jina la Madam C. J. Walker, na ndoa ilipovunjika jina alibaki nalo. Mwaka 1912, katika mkutano wa wafanyabiashara weusi mjini Chicago, alisimama bila kukaribishwa na kuwaeleza wanaume waliojaa ukumbini kwamba ametoka katika mashamba ya pamba, akapanda hadi kwenye beseni la kufulia, na kwamba kiwanda alicho nacho sasa amekijenga kwenye ardhi yake mwenyewe.