Nafasi ya Majirani katika Kupungua kwa Ukubwa wa Familia: Kutoka Ubelgiji hadi Nyanza Kusini

Kwa muda mrefu, wanademografia walieleza kupungua kwa uzazi kuwa ni zao la viwanda, miji na elimu. Maelezo hayo yalitiwa shaka na mradi wa Chuo Kikuu cha Princeton, ulioasisiwa na Ansley Coale mwaka 1963 ili kuchunguza historia ya uzazi katika majimbo ya Ulaya. Ilibainika kuwa uzazi ulianza kupungua katika majimbo yenye viwango tofauti sana vya maendeleo, na kwamba mara nyingi mabadiliko yalifuata mipaka ya lugha na utamaduni.

Ubelgiji ni mfano bayana. Katika kitabu chake cha mwaka 1977, Ron Lesthaeghe alionesha kuwa uzazi ulipungua mapema Wallonia, kwa wasemaji wa Kifaransa, kuliko Flanders, kwa wasemaji wa Kiholanzi. Tofauti hiyo ilionekana hata pale jamii zilizopakana, zenye hali za kiuchumi zinazofanana, zilipolinganishwa. Kwa hiyo, ukaribu wa makazi pekee haukutosha. Jirani mwenye athari alikuwa yule aliyeweza kuzungumza na mwenzake mambo ya ndani ya ndoa.

Hoja hiyo inaungwa mkono na historia ya Kenya. Serikali ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi wa mpango mwaka 1967, lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 wastani ulikuwa bado takribani watoto 8 kwa kila mwanamke. Kufikia mwaka 1998 ulikuwa 4.7. Utafiti wa Susan Watkins na wenzake huko Nyanza Kusini katika miaka ya 1990 ulidhihirisha kuwa, penye shughuli nyingi za soko, wanawake walijifunza kutokana na taarifa za watu mbalimbali. Penye soko dogo, ambako wasiri wa mwanamke walijuana wao kwa wao, shinikizo la kufuata wenzake lilitawala.

Shinikizo hilo lilikuwa na pande mbili. Watumiaji wa njia za uzazi wa mpango walipokuwa wachache, mwanamke alihatarisha heshima yake kwa kutangulia. Walipoongezeka, majirani walewale walimpa ujasiri. Hivyo basi, kumchunguza mwanamke kana kwamba aliamua peke yake ni kuacha nje ya historia wale aliowasikiliza kabla ya kuamua.