Migomo ya wafanyakazi nchini Uganda: historia, sheria na gharama yake kwa wakazi wa Bukoto

Bukoto, mtaa ulioko kaskazini mashariki mwa jiji la Kampala katika Divisheni ya Nakawa, hauna bandari wala viwanda vikubwa. Hata hivyo, migomo mikubwa ya miaka ya karibuni nchini Uganda imehisiwa huko haraka. Madaktari wa hospitali za serikali wanaposusia kazi, mgonjwa wa Bukoto aliyezoea kwenda Naguru au Mulago hulazimika kuchagua kati ya kungoja na kulipia matibabu katika hospitali ya binafsi. Walimu wanapogoma, watoto hubaki nyumbani ilhali karo imekwisha kulipwa. Na wafanyabiashara wa Kikuubo wanapofunga milango, duka dogo la mtaani huishiwa na sukari, sabuni na mafuta ya kupikia.

Makala haya yanaeleza mgomo ni nini, ulivyoanza Uganda na katika nchi jirani, sheria inasema nini, na kwa nini migomo hurudi hata baada ya mapatano kutangazwa.

Maana ya mgomo

Katika Kiswahili, kugoma ni kukataa kuendelea. Punda anayesimama njiani na kukataa kusogea husemwa kuwa amegoma. Neno hilo likahamia kwa wafanyakazi wanaoacha kazi kwa pamoja ili kumshinikiza mwajiri akubali madai yao, hasa ya mshahara, saa za kazi, usalama au utambuzi wa chama chao.

Mgomo si lazima uwe wa kuondoka kazini. Upo mgomo baridi, ambapo wafanyakazi hufika kazini lakini hufanya kazi polepole au kwa kiwango cha chini kabisa. Upo pia mgomo wa kuwaunga mkono wafanyakazi wengine wenye madai yao. Mwajiri naye anaweza kuwafungia wafanyakazi nje mpaka wakubali masharti yake. Mgomo wa wafanyabiashara, kwa upande wake, ni jambo tofauti: wanaofunga maduka hawana mwajiri, na shinikizo lao huelekezwa kwa serikali au mamlaka ya kodi.

Duniani kote, kumbukumbu maarufu zaidi ya mgomo ni ile ya Mei 1886 katika mji wa Chicago, Marekani, ambako wafanyakazi walidai siku ya kazi ya saa 8. Kutokana na tukio hilo, tarehe 1 Mei imekuwa siku ya wafanyakazi katika nchi nyingi, Uganda ikiwa mojawapo.

Pwani na reli: mwanzo wa migomo Afrika Mashariki

Migomo mikubwa ya kwanza katika Afrika Mashariki ilitokea palipokuwa na vibarua wengi mahali pamoja, yaani bandarini na kwenye reli. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, na tena mwaka 1947, safari hiyo mgomo ukasambaa bara kwa kuifuata njia ya reli. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waliacha kazi kwa siku kadhaa, na mji ukasimama. Kutokana na mgomo huo kilijulikana Chama cha Wafanyakazi wa Kiafrika chini ya uongozi wa Chege Kibachia, ambaye alikamatwa mwezi Agosti mwaka huohuo na kupelekwa uhamishoni Baringo. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Zanzibar, ambako mgomo ulioanzia kwa wachukuzi wa bandarini uligeuka kuwa mgomo wa mji mzima.

Jijini Nairobi, Makhan Singh na Fred Kubai walikamatwa Mei 1950, na kukamatwa kwao kukazusha mgomo mkubwa. Katika miji hiyo, watu wa makabila mbalimbali waliokutana kazini walihitaji lugha moja ya kupangia madai yao, na lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Lugha hiyohiyo ilisafiri na reli, iliyofika Kampala mwaka 1931, pamoja na vibarua na mafundi waliotoka Kenya na pwani. Baadhi ya familia zinazozungumza Kiswahili jijini Kampala hadi leo zina asili katika safari hizo za kutafuta kazi.

Uganda, Januari 1945

Nchini Uganda, mwaka unaokumbukwa zaidi ni 1945. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepandisha bei za bidhaa huku mishahara ikibaki palepale. Mwezi Januari, vibarua wa serikali na wafanyakazi wengine walianza kugoma, na mgomo ukaenea katika miji mbalimbali. Katika Buganda, madai ya mshahara yalichanganyika na malalamiko ya kisiasa dhidi ya viongozi wa ufalme. Mweka hazina wa Buganda, Serwano Kulubya, alilazimika kujiuzulu. Serikali ya kikoloni iliunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Mkuu Norman Whitley, na Ignatius Musazi, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa harakati za wakati huo, alikamatwa na kuondolewa Buganda.

Mgomo wa 1945 uliacha mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba madai ya mkate hugeuka kuwa madai ya siasa pale wakubwa wanapokataa kusikiliza. La pili ni kwamba serikali zilizofuata, za kikoloni na za uhuru, ziliviangalia vyama vya wafanyakazi kwa jicho la tahadhari na kujaribu kuvidhibiti.

Baraza la Vyama vya Wafanyakazi wa Uganda liliundwa mwaka 1955. Baada ya uhuru wa 1962, vyama viligawanyika na kushindana. Mwaka 1970, serikali ya Milton Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi kutoka Kenya, kundi lililokuwa na nafasi kubwa katika vyama vya wafanyakazi nchini. Tukio hilo ni kumbukumbu chungu kwa wasemaji wa Kiswahili, kwani wengi wa waliofukuzwa walikuwa wamekwisha kufanya Uganda makazi yao. Mwaka 1973, chini ya Idi Amin, vyama vyote viliwekwa chini ya shirikisho moja, NOTU, ambalo lipo mpaka sasa. Tangu miaka ya 2000 lipo pia shirikisho la pili, COFTU.

Sheria inasemaje

Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga na chama cha wafanyakazi anachokitaka, haki ya kujadiliana kwa pamoja na mwajiri, na haki ya kuacha kazi kwa kufuata sheria. Maneno hayo ya mwisho ndiyo kiini cha mabishano mengi, kwa sababu mgomo unaoruhusiwa ni ule uliopita katika hatua zilizowekwa.

Sheria tatu za mwaka 2006, yaani ya ajira, ya vyama vya wafanyakazi na ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndizo zinazotawala jambo hili. Kwa kawaida mgogoro hupelekwa kwanza kwa afisa wa kazi, ambaye hujaribu kuzipatanisha pande mbili. Akishindwa, shauri huweza kupelekwa katika Mahakama ya Kazi. Watumishi wa umma wana sheria yao ya mwaka 2008, inayoweka utaratibu wa majadiliano kati ya serikali na vyama vyao. Huduma zinazohusu uhai wa watu, kama hospitali, maji, umeme na zimamoto, zimewekewa masharti makali zaidi.

Bungeni, wafanyakazi wana wabunge 5 wa kuwawakilisha. Aidha, Uganda imeridhia mikataba miwili ya msingi ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu uhuru wa vyama na majadiliano ya pamoja, yaani namba 87 na namba 98.

Pengo kubwa lipo katika kima cha chini cha mshahara. Kiwango rasmi kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, fedha ambazo leo huisha kwa safari moja au mbili za bodaboda. Bunge lilipitisha mswada wa kima kipya mwaka 2019, lakini Rais Yoweri Museveni hakuutia saini.

Madaktari: Novemba 2017 na Novemba 2021

Tarehe 6 Novemba 2017, Chama cha Madaktari cha Uganda kilianza mgomo kikidai mishahara bora na dawa na vifaa vya kutosha hospitalini. Serikali ilisema mgomo huo haukufuata sheria. Madaktari walirejea kazini baada ya takriban wiki tatu. Novemba 2021, madaktari wanaofanya mafunzo ya vitendo waligoma, na wakubwa wao wakawaunga mkono. Ahadi za nyongeza zikatolewa. Mei 2022, wataalamu wengine wa afya, wakiwemo wauguzi na wahudumu wa maabara, nao wakasimamisha kazi wakilalamika kwamba nyongeza iliyowafikia madaktari haikuwafikia wao kwa kiwango walichotarajia.

Nchini Kenya, mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na viongozi wa chama chao walifungwa jela kwa muda kwa kudharau amri ya mahakama. Katika nchi zote mbili hoja zilikuwa zilezile. Serikali ilisema mgonjwa hapaswi kuwa silaha ya majadiliano. Madaktari walijibu kwamba wodi isiyo na glavu wala dawa inamdhuru mgonjwa kila siku, mgomo uwepo au usiwepo.

Hoja zote mbili zina uzito. Ukweli usiobishaniwa ni kwamba gharama haigawanywi sawasawa. Mkazi wa Bukoto mwenye bima au akiba huenda hospitali ya binafsi iliyo karibu na nyumba yake. Askari wa lindo au mfanyakazi wa ndani anayeishi mtaa huohuo hana njia hiyo.

Walimu wa sanaa na hatima ya Kiswahili

Mgomo unaowagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja ni ule wa walimu wa masomo ya sanaa. Mwaka 2022 serikali iliamua kuwapandishia mishahara walimu wa sayansi, mwenye shahada akilipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku mwenzake wa sanaa mwenye shahada akibaki na takriban milioni 1. Serikali ilieleza kwamba nchi inahitaji wanasayansi zaidi ili uchumi ukue. Tarehe 15 Juni 2022, chama cha walimu UNATU kiliitisha mgomo, ukasitishwa mapema Julai baada ya mazungumzo na rais.

Katika siku hizohizo za Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tayari mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ulikuwa umekifanya somo la lazima katika madarasa mawili ya mwanzo. Lakini mwalimu wa Kiswahili huhesabiwa miongoni mwa walimu wa sanaa. Kwa hiyo lugha ilipewa hadhi huku anayeifundisha akibaki upande wa mshahara mdogo.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Kijana anayechagua somo la kusomea ualimu hupima mshahara kabla ya mapenzi ya lugha. Bila walimu wa kutosha, agizo la kukifanya Kiswahili somo la lazima hubaki kwenye karatasi. Juni 2025 walimu wa sanaa waligoma tena, wakidai tofauti ileile iondolewe.

Kwa nini migomo hurudi

Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai, na bajeti hupaswa kupitishwa na Bunge kabla ya mwisho wa Mei. Ahadi inayotolewa ili kumaliza mgomo, bila fungu lake kuingizwa katika bajeti, husubiri mwaka mwingine. Mwaka huo ukifika bila malipo, chama hurudi kwa wanachama wake na mgomo huitishwa upya. Ndiyo maana miezi ya Mei na Juni imeshuhudia migomo kadhaa, ingawa madaktari waligoma Novemba mara mbili.

Sababu ya pili ni kuwatenga wengine. Nyongeza inayopewa kundi moja huwa kipimo cha madai ya kundi lililoachwa. Wataalamu wa afya waliwatazama madaktari, na walimu wa sanaa wakawatazama wa sayansi.

Wasio na mwajiri wa kumgomea

Wakazi wengi wa Bukoto hawamo katika hesabu hii. Mwendesha bodaboda, mama muuza chakula, fundi na kibarua wa siku hawana mkataba, na wakiacha kazi leo, leo hiyohiyo hawali. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kupinga utaratibu wa risiti za kielektroniki unaoitwa EFRIS. Mwenye mtaji aliweza kufunga kwa siku kadhaa. Mchukuzi aliyebeba mizigo yake hakuwa na akiba ya siku mbili.

Jitihada za kuwaunganisha watu hawa zipo. Chama cha wafanyakazi wa usafirishaji, ATGWU, ambacho asili yake ni mwaka 1938, kimefungua milango kwa vyama vya waendesha bodaboda na teksi, na idadi ya wanachama wake imeongezeka sana. Uanachama hauwapi mshahara, lakini huwapa sauti ya pamoja mbele ya polisi, jiji na mamlaka ya kodi.

Kwa aliyeajiriwa, hatua za kwanza hazihitaji kusimamisha kazi: kudai mkataba wa maandishi, kutunza kumbukumbu za malipo, kujiunga na chama, na kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi wa divisheni au wilaya. Mgomo huja pale njia hizo zinapofungwa, na anayeuingia bila kupita humo huweza kupoteza kinga ya sheria pamoja na kazi yenyewe.